Msome shujaa katika riwaya, kisha umpime katika historia

Mwulize mwanao aliye katika shule ya sekondari Chaka alikuwa nani. Atakujibu chapuchapu: mfalme wa Wazulu, aliyewapa askari wake mkuki mfupi, akauawa na nduguze mwaka wa 1828. Majibu hayo yatampa alama katika mtihani. Lakini hebu mwulize tena: ni nini kilichomfanya Chaka awe mtu wa namna ile? Hapo utamwona akikuna kichwa.

Hapa ndipo zinapotufaa riwaya zinazosimulia maisha ya watu mashuhuri. Chukua, kwa mfano, riwaya iitwayo Chaka, iliyoandikwa kwa Kisotho na Thomas Mofolo wa Lesotho, ikachapishwa huko Morija mwaka wa 1925. Ndani yake unakutana kwanza na mtoto anayedharauliwa, anayepigwa na wenzake, na ambaye hana wa kumtetea ila mama yake, Nandi. Unaandamana naye hatua kwa hatua mpaka uchungu wake unageuka kuwa tamaa ya kutawala. Afikapo kwenye mauaji, humwonei huruma, lakini umekwisha kufahamu njia iliyomfikisha pale. Kitabu cha tarehe na vita hakikupi jambo hilo.

Hata hivyo, msomaji, tahadhari. Isanusi, yule mganga anayemwahidi Chaka ufalme, ni wa kubuniwa. Noliwe, mchumba anayeuawa ili ufalme upatikane, naye ni wa kubuniwa. Katika riwaya, Chaka anamuua mama yake mzazi. Lakini Henry Francis Fynn, Mwingereza aliyekuwako Nandi alipofariki mwaka wa 1827, aliandika kwamba aliuawa na ugonjwa wa kuhara damu.

Je, basi tuitupe riwaya na kushika historia pekee? La hasha! Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake, na waandishi wa historia nao ni waamba ngoma. Nathaniel Isaacs, mfanyabiashara aliyeishi Natal zama za Chaka, alimwandikia Fynn barua mwaka wa 1832 akimshauri awaonyeshe wafalme wa Wazulu kuwa wamwagaji damu wakubwa kadiri iwezekanavyo, ili kitabu kinoge. Kitabu cha Isaacs mwenyewe, kilichotoka mwaka wa 1836, kilitegemewa kwa miaka mingi kama ushahidi. Mofolo, kwa upande wake, anamwambia msomaji waziwazi kwamba hakukusudia kueleza maisha yote ya Chaka.

Kwa hivyo, visome vitabu vyote viwili pamoja. Chukua karatasi, uipige mstari katikati. Upande mmoja andika yasemwayo na riwaya, upande wa pili yasemwayo na historia. Pale yanapoachana, jiulize: mwandishi huyu alikuwa nani, na kwa nini alipenda kusimulia hivi? Mofolo alikuwa Mosotho aliyesomeshwa na wamisionari, na watu wake walitaabishwa na vita vya enzi hizo. Si ajabu Chaka wake aliiuza roho yake kwa ajili ya madaraka. Mazisi Kunene, mshairi Mzulu, alimchora katika utenzi wake wa mwaka wa 1979 kama mjenzi wa taifa.

Wazazi, msidhani kwamba kijana anayesoma riwaya anapoteza wakati wa masomo. Hapa kwetu, sanamu ya Dedan Kimathi imesimama katikati ya Nairobi tangu mwaka wa 2007, na vijana wengi huipita bila kujua alikuwa mtu wa namna gani. Samuel Kahiga alimwandikia Kimathi riwaya mwaka wa 1990. Itafuteni katika maktaba, muisome nyumbani, kisha mwulizane mezani: lipi la kweli, lipi la kubuni, na ni nani asemaye hivyo?