Sarafu Nzuri Ni Ipi? Hukumu Itolewe Hata Mpakani

Sio Port ni mji wa wavuvi wa Samia, kando ya Ziwa Victoria. Mto Sio ni sehemu ya mpaka, na upande wa pili ni Uganda. Watu wa huko wamezoea shilingi za nchi mbili, nao wanastahili kusikilizwa siku picha za sarafu zinapohukumiwa.

Haikuwa hivyo zamani. Tangu mwaka 1921 Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitoa shilingi moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Mfalme wa Uingereza, na upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Ndururu na senti kumi zilikuwa na tundu katikati na pembe za ndovu kandoni.

Mwaka 1966 kila nchi ilijitolea fedha yake. Tanzania iliweka mkono ulioshika mwenge, tena ikaandika sarafu zake kwa Kiswahili. Uganda iliweka korongo mwenye taji. Kenya iliweka kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta.

Sasa tuhukumu. Sharti la kwanza ni kwamba mkono uitambue sarafu kabla ya jicho. Hapo ndururu yashinda: tundu lake lilijulikana hata gizani, na mwenye nazo nyingi aliweza kuzitunga uzini.

Sharti la pili ni kwamba picha iwe ya watu wote. Simba hakuwa wa kabila lolote wala wa chama chochote. Kichwa cha mtawala ni shida, kwa kuwa mtawala huondoka na sarafu hubaki. Kwa sababu hiyo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha, na sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu.

Sharti la tatu ni la sarafu za ukumbusho: zimkumbushe mtu tukio lenyewe. Mwaka 2003 Kenya ilitoa shilingi 40 kwa miaka 40 ya uhuru, lakini ilibeba sura ya Rais Mwai Kibaki, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani. Mwaka 2012 Uganda ilitoa shilingi 1,000 kwa miaka 50 ya uhuru, ikamchagua korongo. Kwa maoni yetu Uganda ilishinda, ingawa ndege huyo haujui mpaka: huonekana pia katika vinamasi vya magharibi mwa Kenya.

Jambo hili si la mchezo. Tarehe 30 Novemba 2013, mjini Kampala, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi Itifaki ya Umoja wa Fedha. Mwaka 2024 uliokusudiwa ulipita bila fedha moja. Lakini siku itakapokuja, kila nchi itataka mnyama wake, mlima wake na shujaa wake. Wakigombana juu ya picha, watu watasema fedha hiyo ni ya wengine.

Basi picha zisichaguliwe na mabwana wa benki na wachoraji peke yao. Zipelekwe pia Sio Port, ziwekwe mikononi mwa mama auzaye omena. Akizitofautisha bila kutazama, na akisema, "Hii ni yetu," mchoraji amefaulu.