Rusayl: Kalamu iliyozoea njia moja

Mtu anaweza kuandika kila siku kwa miaka mingi na bado akajikuta hana jipya la kusema. Makala ya Utamaduni na Jamii wiki hii yanaangalia namna mwandishi anavyoweza kuitikisa desturi yake ya kuandika, na kwa nini jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Oman.

Rusayl iko magharibi mwa Muscat, katika wilaya ya Seeb, mahali inapoanzia barabara kuu iendayo Nizwa. Eneo lake la viwanda, la kwanza la aina yake nchini Oman, lilianzishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 2003 kilifunguliwa hapo kituo cha makampuni ya teknolojia kiitwacho Knowledge Oasis Muscat. Jirani yake, Al Khoud, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1986.

Mahali kama hapo watu huandika mno. Huandika ripoti za zamu, barua za kuagiza malighafi, hati za forodha na majibu kwa wateja, na takriban yote hayo huwa kwa Kiarabu au Kiingereza. Jioni, mfanyakazi yule yule, ikiwa ukoo wake ulipitia Unguja, Pemba au Mombasa, hurudi nyumbani akazungumza Kiswahili na mama yake. Familia nyingi za namna hiyo zilifika Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, pale Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi.

Hivyo basi, katika nyumba hizo Kiswahili ni lugha ya mdomo zaidi kuliko ya kalamu. Mtu huandika mchana kutwa, lakini yale anayoyajua kwa Kiswahili hayaingii katika karatasi.

Desturi hujenga, kisha hufunga

Je, desturi ya kuandika ni jambo baya? La hasha. Kuketi saa ile ile na mahali pale pale humwondolea mwandishi mzigo wa kujiuliza kila siku kama aandike ama asiandike. Vitabu vingi visingemalizika bila ya nidhamu hiyo.

Hata hivyo, pamoja na saa na kiti, akili huzoea mambo mengine ambayo mwandishi hakuyakusudia. Huzoea namna moja ya kufungua aya, msamiati ule ule, na zaidi ya yote humzoea msomaji mmoja wa kudhaniwa. Aliyeandika kwa miaka 10 akimfikiria mkuu wa idara, siku akiketi kuandika habari za babu yake huziandika nazo kama ripoti: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya safari, tarehe ya kufariki. Kila kilichoandikwa ni sahihi, lakini babu mwenyewe hayumo.

Waswahili husema mazoea yana tabu, na tabu ya mwandishi ndiyo hiyo. Kuhamisha meza kutoka chumbani hadi barazani huenda kukamburudisha kwa siku mbili tatu. Kinachobadilisha maandishi yenyewe ni kubadili lugha, kubadili umbo la maandishi au kubadili yule anayeandikiwa.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza hauko mbali na Rusayl. Jokha Alharthi, mwandishi wa Kiomani anayefundisha fasihi ya Kiarabu katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, alikwenda Edinburgh, Uskochi, kusomea shahada ya uzamivu. Masomo yalimlazimu kuandika kwa Kiingereza. Katika mahojiano amewahi kueleza kwamba hali hiyo ilimtia hamu ya lugha yake mwenyewe, naye akaigeukia riwaya kwa Kiarabu. Matokeo yake ni Sayyidat al-Qamar, iliyochapishwa mwaka 2010. Inahusu maisha ya kijiji cha kubuniwa cha Oman, na mhusika mmoja, Abdallah, husimulia sehemu yake akiwa ndani ya ndege iendayo Frankfurt. Mwaka 2019 riwaya hiyo, katika tafsiri ya Kiingereza ya Marilyn Booth, ilipata tuzo ya Man Booker International, ikiwa ya kwanza kuandikwa kwa Kiarabu kuipata. Umbali wa kijiji, na ugumu wa kuandika kwa lugha ya ugenini, ndivyo vilivyomrudisha mwandishi nyumbani.

Mfano wa pili ni wa karne ya 19. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Oman na Zanzibar, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1886, lakini alikuwa amezianza miaka kadhaa kabla yake kwa ajili ya watoto wake, waliokulia Ujerumani bila ya kuijua Zanzibar ya mama yao. Kwa kuwa wasomaji wake hawakujua lolote, ilimbidi aeleze yale ambayo mtu wa Unguja asingeona haja ya kuyaeleza: namna watu walivyokula na kulala, mavazi, masomo ya watoto na mfungo wa Ramadhani. Leo mambo hayo ya kila siku ni miongoni mwa sehemu zenye thamani kubwa katika kitabu chake. Msomaji mgeni alimfanya aone kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote.

Mfano wa tatu unatoka Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia Mei 2025, alikuwa tayari ameshachapisha riwaya kadhaa kwa Kiingereza alipoanza kazi ya tamthilia na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 waliigiza Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji hawakuwa watazamaji tu, bali waliisahihisha lugha ya mwandishi. Serikali iliyasimamisha maonyesho, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Katika jela ya Kamiti aliandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba watu waliisoma kwa sauti majumbani na hata katika baa.

Mabadiliko ya namna hiyo huwa na gharama, na si lazima iwe jela. Mtanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, ikiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, baadhi ya washairi walikataa hata kuyaita mashairi. Mvutano huo ulidumu miaka mingi, lakini leo historia ya ushairi wa Kiswahili haielezwi bila ya kukitaja kitabu hicho.

Vipi kuanza?

Mfanyakazi wa Rusayl hahitaji kwenda Edinburgh. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na badiliko dogo linatosha iwapo litagusa mahali panapostahili.

La kwanza ni kubadili msomaji. Badala ya kuandika "historia ya familia", mtu amwandikie barua mtoto mmoja mahsusi, mathalan mpwa wa miaka 12 ambaye hajapata kuiona Pemba. Mara moja atatakiwa aeleze karafuu huchumwaje na kwa nini huanikwa juani, badala ya kuandika tu kwamba babu alikuwa na shamba.

La pili ni kubadili umbo. Pishi la mkate wa kumimina, kwa mfano, linaweza kubeba habari nyingi kuliko wasifu. Mama akiulizwa, atasema mchele uroweshwe, usagwe kwa tui, utiwe hamira, iliki na sukari "kiasi", kisha uachwe uumuke. Mwandishi auandike mjadala wenyewe wa hicho "kiasi": nani alimfundisha mama kukipima kwa macho, jikoni kwa nani, na Muscat alitumia nini pale nazi ilipokosekana.

La tatu ni kuanza na sauti. Simu ya mkononi hurikodi mazungumzo ya nusu saa bila ya taabu. Baada ya kuomba idhini ya mzee, mtu airikodi hadithi moja tu, kisha aiandike neno kwa neno. Mzee akisema "n'kwambie", iandikwe "n'kwambie", wala isigeuzwe kuwa "nikuambie". Kazi hiyo ni ya polepole, na humlazimisha mwandishi kusikia mpangilio wa sentensi ambao si wake.

La nne linawahusu zaidi waliosoma kwa Kiarabu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni ushahidi mmojawapo. Kiarabu cha kawaida hakina herufi za p, ch wala v, na waandishi wa pwani walitafuta njia zao za kuziba pengo hilo. Kijana anayesita kwa sababu hajui tahajia ya Kiswahili anaweza kuanza na herufi alizozizoea, akahamia nyingine baadaye.

Hata kalenda husaidia. Katika mwezi wa Ramadhani saa za kazi nchini Oman hupunguzwa na mchana hugeuzwa kuwa usiku. Desturi ya kuandika huvunjika yenyewe, na watu wa nyumba moja hukaa pamoja hadi daku.

Kubadili bila ya kukimbia

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya watu hubadili mambo kila wiki kwa sababu wanaikimbia kazi ngumu iliyobaki mezani. Leo ni daftari jipya, kesho ni programu mpya ya kompyuta, na hakuna kinachomalizika. Ni bora kubadili jambo moja tu, kulifuata kwa muda uliopangwa, tuseme majuma manne, na kuyaacha mengine kama yalivyo. Saa ya kuandika ibaki, kiti kibaki, lakini lugha iwe nyingine. Majuma manne yakipita, mwandishi asome alichoandika na ajiulize iwapo kuna sentensi ambayo asingeweza kuiandika hapo awali. Ikiwa ipo, aendelee. Ikiwa haipo, ajaribu jambo jingine.

Kwa waandishi wengi duniani hilo ni suala la kuondoa uchovu. Kwa nyumba za Rusayl, Al Khoud na Seeb ambamo Kiswahili kingali kinasemwa, muda ni mfupi zaidi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Anakumbuka majina ya mitaa, ya majahazi na ya majirani, na anayakumbuka kwa Kiswahili. Anayeandika ripoti tano kwa wiki kwa ajili ya kiwanda tayari ana nidhamu ya kuandika. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, akakae na mzee huyo, na swali la kwanza liwe dogo: nyumba yenu ilikuwa inatazama wapi?