Kiongozi Akiondolewa, Mpiga Kura Hufanya Nini?

Wako wanaoamini kwamba Bunge likimshitaki na kumwondoa kiongozi wa taifa, raia huvunjika moyo na kuususia uchaguzi. Sisi tuliovaa sare, tunaolinda vituo vya kura, yatupasa tulipime jambo hili.

Korea Kusini, baada ya Rais Park Geun-hye kuondolewa mwaka 2017, waliopiga kura walifika asilimia 77.2, kutoka 75.8 mwaka 2012. Alipoondolewa Yoon Suk Yeol mwaka 2025, walifika 79.4, kutoka 77.1 mwaka 2022. Katiba yao huagiza uchaguzi ndani ya siku 60. Walioridhika na waliokasirika wote waliitwa kwenye sanduku.

Tugeukie pwani yetu. Tarehe 25 Julai 2020, Bunge la Somalia lilimwondoa Waziri Mkuu Hassan Ali Khaire kwa kura 170 dhidi ya 8. Mvuvi wa Chula au Koyama na mchukuzi wa bandari ya Kismayo hawakuitwa kutoa hukumu yao. Rais wa 15 Mei 2022 alichaguliwa na wabunge. Hata uchaguzi wa vyama vingi wa Machi 1969, ambao raia walipiga kura wenyewe, ulifuatwa na mapinduzi ya jeshi Oktoba mwaka ule ule.

Basi kinachomvunja moyo raia si kuondolewa kwa kiongozi, bali kukosa sanduku baadaye. Bunge likiamua, tusiegemee upande wowote. Na sanduku likienda visiwani, tulivushe salama na kulirudisha salama.