Rey Mysterio: Mtoto wa mpakani aliyenyang'anywa barakoa akairudisha

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

Vijana wa Kamembe wanaokaa kwenye mabanda ya video, wakisikiliza mtangazaji akiwafafanulia picha kwa Kinyarwanda, hawahitaji kuambiwa Rey Mysterio ni nani. Ni yule mfupi wa WWE mwenye barakoa, anayeruka kamba kama panzi na kuangusha majitu yanayomzidi kilo hamsini. Ng'ambo ya mto, Bukavu, ambako mieleka huitwa kachi, jina hilo linajulikana vilevile. Ila wengi hawajui kwamba mtu huyu ni mtoto wa mpakani kama watoto wetu wa Rusizi, na kwamba mgogoro mkubwa wa maisha yake ya kazi ulihusu mali. Mali yenyewe ilikuwa kipande cha kitambaa anachovaa usoni.

Jina lake halisi ni Óscar Gutiérrez. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1974 huko Chula Vista, mji wa California, Marekani, ulio kilomita chache tu kutoka Tijuana ya Mexico. Kati ya miji hiyo kuna kivuko cha San Ysidro, mojawapo ya mipaka ya nchi kavu inayopitisha watu wengi zaidi duniani. Anayevuka kila siku kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, au anayeijua Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi, angejiona nyumbani kule: foleni tangu alfajiri, wafanyakazi wanaolala nchi hii na kufanya kazi nchi ile, wachuuzi wanaopita katikati ya magari yaliyosimama. Wachuuzi wa Tijuana huwauzia madereva vitafunio, mablanketi na sanamu. Huwauzia pia barakoa za wanamieleka.

Mjomba wake, Miguel Ángel López Díaz, alikuwa mwanamieleka aliyejulikana kwa jina la Rey Misterio, na alikuwa akifundisha vijana mchezo huo Tijuana. Óscar akawa anavuka mpaka kwenda kujifunza. Tarehe 30 Aprili 1989, akiwa na miaka 14, alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza nchini Mexico. Mwanzoni hakupewa jina la mjomba. Alipigana kama Mjusi wa Kijani, kisha kama Colibrí, yaani yule ndege mdogo anayefyonza maua huku akielea hewani. Mjomba aliporidhika kwamba mpwa hatamwaibisha, ndipo akamruhusu kuitwa Rey Misterio Mdogo na kuvaa barakoa inayofanana na yake. Mfanyabiashara aliyewahi kumwachia mtoto wa ndugu yake kibanda chenye wateja wa miaka kumi anaelewa kwa nini ilichukua muda.

Ili kufahamu uzito wa barakoa hiyo, turudi nyuma kidogo. Mieleka ya kulipwa ilipangwa rasmi Mexico mwaka 1933, promota Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni yake. Mwaka uliofuata mwanamieleka mmoja kutoka nje alimwendea fundi viatu aitwaye Antonio Martínez, akamwomba amshonee kitu cha kufunika kichwa chote. Fundi akatumia ngozi. Kazi ile ya kwanza haikumkaa mteja vizuri, lakini fundi hakukata tamaa, na familia ya Martínez ikaja kuwa mafundi wakubwa wa barakoa za ulingoni katika Jiji la Mexico.

Mwaka 1942 akatokea El Santo, Mtakatifu, mwenye barakoa ya rangi ya fedha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Rodolfo Guzmán Huerta. Alipigana kwa zaidi ya miongo minne, akaigiza filamu zaidi ya hamsini, akawa shujaa wa vitabu vya katuni, na wakati wote huo watu hawakuujua uso wake. Mapema mwaka 1984 aliinua barakoa kidogo kwenye kipindi cha televisheni. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari, alifariki dunia, akazikwa akiwa ameivaa. Mwanawe alikuwa tayari ulingoni na barakoa ileile ya fedha.

Huko, basi, barakoa ndiyo mtaji wa mwanamieleka. Wawili wakihasimiana sana wanaweza kuweka dau: barakoa kwa barakoa, au barakoa kwa nywele. Anayeshindwa huivua mbele ya watu, hutaja jina lake halisi na mji aliozaliwa, na kesho yake magazeti huchapisha. Kwa desturi haivai tena. Wapo waliolipwa fedha nyingi kwa pambano hilo moja, maana wanajua kwamba baada ya hapo bei yao itashuka.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Baada ya miaka kadhaa Mexico alivuka mpaka upande mwingine. Mwaka 1995 alianza kupigana Philadelphia, na 1996 akaingia WCW, kampuni iliyokuwa ikichuana vikali na ile tunayoiita leo WWE. Urefu wake ni sentimita 168 hivi. Kwenye ulingo uliojaa wanaume wa mita mbili alionekana kama mtoto aliyepotea njia, lakini mchezo wake ulikuwa wa kasi ambayo Wamarekani wengi hawakuwa wameiona. Oktoba 1997, Las Vegas, aliweka barakoa yake dau dhidi ya mkanda wa Eddie Guerrero, naye alikuwa mtoto wa familia ya mieleka kutoka El Paso, mji mwingine wa mpakani. Mysterio alishinda. Mashabiki wa mchezo huu bado wanalitaja pambano hilo miongoni mwa bora kabisa ya muongo ule.

Tarehe 21 Februari 1999 mambo yakageuka. Yeye na mwenzake Konnan walipambana na majitu mawili, Kevin Nash na Scott Hall. Dau lilikuwa barakoa ya Mysterio. Wakashindwa, akaivua mbele ya umati wa Oakland.

Hapa msomaji asiyefuatilia mieleka aelezwe jambo moja. Matokeo ya mapambano haya hupangwa mapema na kampuni. Kwa hiyo Mysterio hakushindwa na Nash wala Hall. Alishindwa ofisini, na watu waliokuwa wakimlipa mshahara. Ni dau gani hilo ambalo mwajiri ndiye anayeandika nani atashinda? Na hakuwa peke yake. Juventud Guerrera, Mmexico mwingine wa kampuni hiyohiyo, alivuliwa mwaka 1998, na Psicosis, aliyefunzwa Tijuana kama Mysterio, mwaka 1999. Baadaye Mysterio alisema waziwazi kwamba hakutaka, na kwamba kampuni haikuelewa barakoa ile ilikuwa na maana gani kwake, kwa familia yake na kwa mashabiki. Kwa maoni yangu hata hesabu ya duka haikufanywa. Barakoa ni bidhaa ambayo mtoto atamwomba mzazi amnunulie. Uso wa mtu mzima, hata ukiwa mzuri namna gani, hauning'inizwi kwenye kibanda ukauzwa.

Machi 2001 WCW iliuzwa kwa mshindani wake. Mysterio alirudi Mexico kwa muda, na Julai 2002 akajitokeza kwenye televisheni ya WWE akiwa na barakoa. Washika desturi walinung'unika, na kwa sheria yao walikuwa na haki. Lakini jina na barakoa hiyo alivipata kwa mjomba wake Tijuana, na kama kuna aliyekuwa na mamlaka ya kuviondoa, hakuwa meneja wa Atlanta.

Yaliyofuata ndiyo tuliyoyaona wengi wetu. Kabla ya pambano alikuwa akizunguka kando ya ulingo, akitafuta mtoto aliyevaa barakoa kama yake, kisha anagusisha paji lake la uso na la mtoto. Duka gani lingeweza kulipia tangazo kama hilo? Januari 2006 aliingia wa pili katika pambano la watu thelathini la Royal Rumble, akadumu zaidi ya saa moja, akabaki wa mwisho. Tarehe 2 Aprili mwaka huohuo, karibu na Chicago, aliwashinda Kurt Angle na Randy Orton akatwaa ubingwa wa dunia. Alimkumbuka Eddie Guerrero, rafiki yake, aliyefariki Novemba 2005 akiwa na miaka 38.

Wanaosema mieleka ni maigizo matupu watazame Tijuana, usiku wa tarehe 20 Machi 2015. Mysterio alikuwa ameondoka WWE mwezi mmoja kabla, na alikuwa amerudi kupigana kwenye mji uliomlea. Katika pambano la wawili kwa wawili alimpiga teke Pedro Aguayo, aliyejulikana kama Hijo del Perro Aguayo. Aguayo akaangukia kamba, na hakuinuka. Alikufa saa chache baadaye kwa jeraha la shingo, akiwa na miaka 35. Teke lilikuwa la kawaida, la aina waliyoirudia mara nyingi. Ilikuwa ajali. Kupanga mshindi hakuzuii shingo kuvunjika, na Mysterio mwenyewe amefanyiwa upasuaji wa magoti mara kadhaa.

Kuondoka kwake mwaka huo kuna jambo la kuwafaa wanaosoma ukurasa huu. Mwenzake Alberto Del Rio, Mmexico pia, alipotoka WWE mwaka 2014 ilibidi ajiite Alberto El Patrón, maana jina la kwanza lilibaki kwa kampuni. Mysterio aliondoka na jina lake, akalitumia Mexico, akalirudisha tena WWE mwaka 2018. Alikuwa nalo kabla ya kampuni yoyote kumjua.

Wauza mchele wa Bugarama na wauza sambaza wa Kivu wanajua jambo hili kwa namna yao. Mteja wa Bukavu huuliza gunia au beseni ni la nani, hata kabla hajauliza bei. Nchini Rwanda alama ya biashara husajiliwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Lakini kusajili Kigali hakukulindi Bukavu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hadi sasa Jumuiya haina sajili moja ya alama za biashara kwa nchi zote, kwa hiyo kila nchi una shughuli nayo peke yake. Anayekuuzia jumla na kukupa mifuko yenye jina lake amekurahisishia kazi, ndiyo. Siku mkikosana, mifuko ni yake, na wateja waliokuwa wakiufuata mfuko watamfuata yeye.

Kachi ya Kongo nayo ina majina ya namna hiyo. Kinshasa, Kele Kele Lituka na Edingwe ni watu ambao mashabiki wa makamo huwazungumzia kama tunavyozungumzia wanasoka. Wapo wanaovaa barakoa, wapo wanaojipaka uso rangi, na wapo wanaopanda ulingoni na dawa za mganga, jambo ambalo Mexico halipo na ambalo lina ubishi wake tosha.

Machi 2023 Rey Mysterio aliingizwa katika orodha ya heshima ya WWE. Siku iliyofuata WrestleMania ilianza, naye akapigana na mwanawe Dominik. Kijana amechukua jina la Mysterio lakini barakoa ameikataa. Anapigana uso wazi, anamdharau baba hadharani, na kwa muda mrefu watu walimzomea nchi nzima, naye akapata kazi kwa kuzomewa huko. Tarehe 20 Desemba 2024 mjomba wa Tijuana alifariki dunia. Mwanawe anapigana kwa jina la El Hijo de Rey Misterio, kwa tahajia ya zamani, herufi i mahali pa y. Miezi minne baadaye, Aprili 2025, WWE ilitangaza kwamba inainunua AAA, kampuni ya Mexico ambako Mysterio alianza kujulikana kabla ya kuvuka kwenda Marekani.