Kilwa Kisiwani: Mji wa Kuta na Mihrabu



Tulipoanza kukusanya michango ya safari ya likizo ya Juni, swali lilikuwa moja: kwa nini tuwatoe watoto Dodoma, tuwasafirishe zaidi ya kilomita 700, wakaone magofu? Mzazi mmoja alitukumbusha kwamba urithi wa dunia tunao hapa hapa mkoani, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006. Hoja yake ni nzuri, na Kolo tutakwenda inshaallah. Lakini tulikuwa na sababu. Baadhi ya vijana wetu wa darasa la juu waliamini kwamba Uislamu uliingia nchi hii pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyopita Mpwapwa na Ugogo. Huku kwetu bara ni kweli kwamba dini ilifuata sana njia ile. Pwani ilikuwa imeshakaa miaka mingi mno kabla ya hapo, na tulitaka wakaone kwa macho yao.

Tulipanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, na kesho yake basi la kusini. Tulivuka mto Rufiji kwenye daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walisubiri kivuko, na mvua ikizidi safari ilikuwa mtihani.

Msomaji ajue kwamba Kilwa ni tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya leo, na hapo ndipo mgeni hupata kibali na mashua. Kilwa Kivinje, kaskazini yake, ulikuwa mji mkubwa wa karne ya 19. Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao, ng'ambo ya mkondo wa bahari wa kilomita mbili hivi. Watoto ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo walikaa kimya kabisa ndani ya mashua.

Kinachoonekana kwanza ukikaribia ni Gereza, yaani ngome. Watoto walidhani ni jela. Wataalamu wengi wa lugha wanasema neno hilo limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno waliuvamia mji Julai 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida. Amir Ibrahim aliyekuwa akitawala alikimbia, mji ukaporwa, na ngome ikajengwa kwa haraka. Mwaka 1512 Wareno waliiacha. Jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, wa karibu na mwaka 1800, lililojengwa juu ya mabaki ya ile ya kwanza. Upande wa baharini umeliwa na mawimbi, na sehemu ya ukuta imeanguka majini. Mbele kidogo kuna Makutani, jumba la masultani lililozungushiwa kuta nene, na jina lenyewe linajieleza.

Lakini muda wetu mwingi tuliutumia Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ilianzishwa karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, aliupanua sana kuelekea kusini, na katika karne ya 15 ulikarabatiwa tena. Ni msitu wa nguzo, na juu yake kuba na matao. Vifaa ni vya hapo hapo: mawe ya matumbawe, chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo, na boriti za mikoko. Katika nyumba za mawe za pwani, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu. Watoto wetu walilielewa hilo upesi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu tembe la Kigogo nalo hufuata urefu wa mti unaobeba dari la udongo.

Tulikuwa tumebeba dira. Mwanafunzi mmoja aliiweka mbele ya mihrabu, na sindano ikaonyesha kaskazini. Akasema imeharibika, kwa sababu amezoea kusikia kwamba kibla kiko upande wa Uarabuni, na Uarabuni kwa fikra zake ni mashariki. Tukafungua ramani. Kilwa na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo anayeswali Kilwa huelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Sisi wa Dodoma tuko magharibi zaidi, hivyo tunapinda kidogo kuelekea mashariki. Wajenzi wale hawakuwa na simu. Walikuwa na nyota, na mabaharia waliozijua.

Hapo tukawasomesha habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 (731 Hijria). Aliusifu mji kwa uzuri wake, akaeleza kwamba watu wake ni wachamungu wa madhehebu ya Shafi. Alisimulia pia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa. Kisa hiki hupendwa sana mimbarini, ila mara nyingi hukatizwa hapo. Ibn Battuta anaendelea: mtoto wa sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Binti mmoja akauliza, "Ustadh, na wale watumwa nani aliwauliza?" Hatukumnyamazisha. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala na kwa pembe, na ilifanya pia biashara ya watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne iliyofuata Kivinje ilipokea misafara ya mateka kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Anayewaonyesha watoto kuba na kuwaficha haya anawasomesha nusu.

Husuni Kubwa, jumba la sultani yule yule, liko juu ya jabali linaloitazama bahari. Lina vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane, na halikukamilika. Jua lilikuwa kali, tukalipitia haraka. Adhuhuri tuliswali na wenyeji katika msikiti wa kijiji. Wanafunzi walishangaa kwamba tuliswali rakaa nne ilhali ni wasafiri: msafiri akimfuata imamu mkaazi hutimiza pamoja naye, na Alasiri tuliyoikusanya peke yetu tuliipunguza kuwa mbili.

Sasa tuseme la aibu, na kosa lilikuwa letu walimu. Tumerudi Kilwa Masoko usiku, kijana mmoja akatoa mfukoni kigae cha bakuli, chenye rangi ya samawati. Vigae vya namna hiyo, vingine kutoka China, vimetapakaa kisiwani, na alitaka kumpelekea mama yake zawadi. Sheria ya nchi ya mwaka 1964 inakataza kuondoa vitu vya kale, lakini hatukuwa tumewaambia chochote kabla ya kupanda mashua. Tukafikiri pia juu ya kisiwa chenyewe. UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, ikayaweka katika orodha ya hatari mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Bahari inaendelea kula upande wake. Kama kila mtoto wa kila madrasa atachukua kigae kimoja, wajukuu wetu watakuta nini?

Asubuhi yake basi lilikuwa likitusubiri na tiketi zilishalipwa. Tulikubaliana wengine watangulie na mizigo, na mwalimu mmoja abaki na yule kijana. Walikodi mashua kwa fedha iliyokuwa ya chakula cha njiani, wakavuka, wakakikabidhi kigae kwa mlinzi. Mlinzi alikitazama, akamuuliza alikiokota wapi hasa. Kijana akatembea naye hadi chini ya ukuta wa Makutani, akamwonyesha mahali.