MISHIPA YA DAMU YA MIGUU: NINI KITANGULIE, PUTO AU UPASUAJI?

Maradhi ya kuziba mishipa ya damu ya miguu humwingia mtu polepole. Mishipa inayochukua damu kutoka kwenye moyo hujengeka utando wa mafuta na chokaa ndani ya kuta zake, njia ikawa nyembamba na misuli ikakosa damu ya kutosha. Dalili yake mashuhuri ni maumivu ya shavu la mguu yanayomshika mtu anapotembea na kumwachia anaposimama. Wengi huyadhania kuwa ni uzee au baridi yabisi. Wanaokabiliwa zaidi ni wavutaji wa sigara, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na watu wa umri mkubwa.

Maradhi yakizidi, maumivu huja hata mtu akiwa amepumzika, hasa usiku. Vidonda vya vidole havifungi, na nyama huanza kugeuka nyeusi. Hapo mguu wenyewe huwa hatarini kukatwa, na mgonjwa pamoja na jamaa zake hutakiwa kukata shauri kwa muda mfupi. Ni vyema basi ifahamike mapema utafiti umebainisha nini.

Njia za kuirejesha damu mguuni ni mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa mchepuko, ambao mwaka 1948 daktari Jean Kunlin aliufanya mjini Paris kwa kutumia mshipa wa mgonjwa mwenyewe, katika ile inayorudisha damu moyoni, ili damu ipite kando ya pahala palipoziba. Ya pili ni kuingia ndani ya mshipa kwa mpira mwembamba. Daktari Charles Dotter aliianzisha mwezi Januari 1964 huko Portland, Marekani, kwa mwanamke wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mguu ule ulipona. Siku hizi mpira huo hubeba puto la kutanua njia, na mara nyingine kijibomba cha waya huachwa ndani ili njia isijifunge tena.

Kwa miaka mingi uchaguzi baina ya njia hizi ulitegemea zaidi mazoea ya daktari. Ndipo ukafanywa utafiti ambao wagonjwa hugawiwa tiba kwa kura, ili kundi moja lilinganishwe na jingine kwa haki. Utafiti uitwao BEST-CLI, uliotangazwa mwaka 2022, ulichukua wagonjwa 1,830 ambao miguu yao ilikuwa hatarini, katika Marekani, Kanada na nchi nyingine chache. Miongoni mwa waliokuwa na mshipa mzuri wa kuhamishwa, waliokatwa mguu, au waliorudiwa tiba kubwa, au waliofariki, walikuwa asilimia 42.6 kwa walioanza na upasuaji na asilimia 57.4 kwa walioanza na puto. Kwa wale wasiokuwa na mshipa mzuri, haikuonekana tofauti ya kutegemewa.

Mwaka uliofuata, 2023, yalitangazwa matokeo ya utafiti wa BASIL-2, uliofanywa zaidi Uingereza kwa wagonjwa 345 ambao mishipa yao iliziba chini ya goti. Huku mambo yalikuwa kinyume. Waliokatwa mguu au kufariki walikuwa asilimia 63 kwa walioanza na upasuaji na asilimia 53 kwa walioanza na puto. Na tofauti hiyo ilitokana zaidi na vifo kuwa vichache kwa waliotanguliziwa puto.

Msomaji asidhani kwamba mmoja katika hao umekosea. BASIL-2 uliwachukua tu wenye kuziba chini ya goti, ambapo mishipa ni membamba, na ulihesabu kukatwa mguu na kifo peke yake. BEST-CLI ulihesabu pia kurudiwa kwa tiba kubwa. Kwa hiyo jawabu haliwi moja kwa wagonjwa wote: hutegemea pahala palipoziba, ubora wa mshipa wa kuhamishwa, na uwezo wa mwili kuhimili upasuaji. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari mambo hayo matatu kabla ya kutia saini, na kuuliza kama mshipa wake umepimwa.

Ama kwa yule ambaye maumivu yake huja wakati wa kutembea tu, na hana kidonda, dawa kubwa ni kutembea kwenyewe. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2021 kwa wagonjwa 305 ulionesha kuwa waliotembea kwa mwendo wa kuamsha maumivu, wakapumzika, kisha wakaendelea, baada ya miezi 12 waliongeza wastani wa mita 34 hivi katika mwendo wa dakika sita. Waliotembea polepole kuyakwepa maumivu hawakupata faida hiyo. Hivyo mtumishi anayekwenda kazini kwa miguu asione haya kusimama njiani na kuendelea tena. Hata hivyo, aanze baada ya kumwona daktari, na sigara aiache kabisa.

Kipimo cha awali ni chepesi na hakina maumivu. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu hulinganishwa na lile la mkono. Likiwa chini ya sehemu 0.9 ya lile la mkono, ni alama ya maradhi. Kwa wenye kisukari, mishipa huweza kukakamaa na kipimo kikadanganya, kwa hiyo wao huhitaji uchunguzi zaidi.

Wananchi wanaombwa wasingojee kidonda kigeuke cheusi. Wenye kisukari wakague nyayo na vidole vyao kila siku, na kidonda cha mguu kisichoelekea kupona kifikishwe hospitali bila ya kuchelewa, wakati ambapo bado upo mguu wa kutibiwa.