Mama ameacha dawa ya mifupa? Muulize kwanza anavyoimeza

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa Umoja, Nyali au Kondele, au katika bweni la chuo, ilhali mama au nyanya yako yuko nyumbani Awendo, kwenye barabara ya Kisii kuelekea Migori, ambako matrekta ya miwa hupishana na matatu mchana kutwa. Ukimpigia simu hukwambia kwamba yu mzima, ila mgongo unamsumbua kidogo. Neno hilo "kidogo" ndilo tunalotaka kulizungumzia leo.

Mfupa si kama jiwe. Ni kitu hai ambacho mwili hukibomoa na kukijenga upya kila siku. Mwanamke anapokoma kupata hedhi, kubomoa huzidi kujenga, na baada ya miaka kadhaa mifupa huwa miepesi na yenye vinyweleo. Hali hiyo ndiyo wataalamu huiita osteoporosisi. Wanaume pia huipata, lakini si wengi kama wanawake. Ubaya wake ni kwamba haiumi hata kidogo, mpaka siku mama anapoteleza tu uani na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga. Wakati mwingine pingili za uti wa mgongo hubonyea polepole bila hata kuanguka, naye hupungua kimo na kupinda. Majirani husema, "Ni uzee huo." La hasha! Mara nyingi ni ugonjwa, na una dawa.

Kuna pia wanaodhoofika mifupa kwa sababu nyingine. Aliyemeza prednisolone kwa miezi mitatu au zaidi yumo hatarini. Isitoshe, katika eneo hili kuna jambo ambalo familia nyingi hazilitaji. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13.0 ya wale wa Migori walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Kwa bahati njema, dawa za ARV zimewaokoa wengi, nao sasa wanazeeka wakiwaona wajukuu. Hata hivyo, tenofoviri, mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika kidonge cha TLD, hupunguza uzito wa mifupa kwa kiasi fulani, hasa katika mwaka wa kwanza na wa pili. Tafadhali tuelewane: hii si sababu ya kuacha ARV hata siku moja. Ni sababu ya kumwuliza daktari kuhusu mifupa.

Asubuhi ya kidonge

Dawa inayotolewa zaidi ni alendroneti, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mnamo 1995 kwa jina la Fosamax na ambayo leo hutengenezwa na kampuni nyingi kwa majina tofauti. Wengi humeza kidonge kimoja cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kazi yake ni kuzuia ule ubomoaji wa mfupa. Mgonjwa hahisi nafuu yoyote, kwa kuwa hakuwa na maumivu ya kutulizwa. Anachohisi ni madhara tu, na hapo ndipo wengi huacha.

Lalamiko linalosikika sana ni kiungulia: kifua kinawaka, tumbo linasokota. Sababu ni kwamba kidonge hiki kikikwama kwenye umio huuchoma. Ndiposa kina masharti yake. Kimezwe alfajiri kabla ya kula chochote, kwa gilasi nzima ya maji matupu. Si kwa chai ya maziwa, si kwa uji, wala si kwa soda. Kisitafunwe wala kisimumunywe. Akishameza, akae wima au asimame kwa angalau nusu saa, asirudi kitandani, na asile wala kumeza dawa nyingine kabla ya muda huo kwisha. Chai ikitangulia, dawa haiingii mwilini ipasavyo, na mama atakuwa amepata gharama bila faida.

Akisahau siku yake, ameze kesho yake asubuhi baada ya kukumbuka, kisha arudie ratiba yake ya kawaida. Asimeze viwili kwa siku moja. Lakini akianza kupata maumivu anapomeza chakula, au kifua kikamchoma kuliko kawaida, asimeze kingine. Aende hospitali.

Tiba ya dukani yaweza kuharibu

Sasa fikiri kuhusu mama ambaye kifua kinamwaka. Hataki kuwasumbua watoto, kwa hivyo anamtuma mjukuu dukani kununua tembe za kuzima kiungulia. Nyingi za tembe hizo zina magnesiamu au alumini. Ikiwa anatumia TLD, madini hayo hushikana tumboni na dolutegraviri iliyomo na kuizuia isiingie mwilini. Kiungulia kitapoa, lakini dawa inayolinda maisha yake itakuwa imepungua nguvu. Dolutegraviri inapaswa kumezwa saa mbili kabla ya tembe hizo, au saa sita baadaye.

Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu navyo hufanya vivyo hivyo, ingawa hivi vyaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo anakula chakula wakati huo huo. Akinunua dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, tumbo huzidi kuumia kwa alendroneti, na figo huelemewa zikiwa na tenofoviri. Na mwenye figo zilizodhoofika sana hafai kupewa alendroneti kabisa. Ndiyo maana daktari wa mifupa na kliniki ya ARV sharti wote wajue kila anachomeza. Siri hapa ni ghali mno.

Iwapo kidonge kimemshinda

Kushindwa na kidonge si mwisho wa matibabu. Ipo dawa ya zoledroniki, ambayo hutiwa kwa dripu mara moja kwa mwaka. Siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na mwili kuuma, mithili ya malaria. Usiogope, parasetamoli na maji ya kutosha husaidia, nayo hupita. Hata hivyo, huku kwetu homa ikizidi siku tatu ni heri apimwe malaria. Ipo pia sindano ya denosumabu ya kila miezi sita. Hii isiachwe ghafla wala kucheleweshwa, kwa maana mifupa hulegea upesi na pingili za mgongo huweza kuvunjika. Kabla ya kuianza, hakikisheni kwamba mtaweza kuigharimia.

Yapo madhara adimu yanayotisha: mfupa wa taya kukosa kupona baada ya kung'oa jino, na paja kuvunjika pasipo ajali kubwa. Basi meno mabovu yatibiwe kabla ya kuanza dawa, na maumivu mapya ya paja au kinena yasipuuzwe. Madhara haya ni machache mno yakilinganishwa na nyonga zinazookolewa. Baada ya miaka mitano hivi ya vidonge, daktari huangalia upya kama mgonjwa anaweza kupumzika.

Chakula nacho kina nafasi yake. Omena wa Ziwa Viktoria huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo ni hazina ya kalsiamu. Mboga za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa, kama wafanyavyo Waluo tangu jadi, ni nzuri pia. Jua la Awendo humpa vitamini D bila malipo. Mwangaze choo na njia ya uani, na uondoe mkeka unaoteleza.

Leo jioni, msomaji, ukimpigia mama simu, usiishie kwenye salamu. Muulize dawa yake aliimeza lini, aliiteremsha na nini, na alifanya nini baadaye. Muulize pia ni dawa gani nyingine aliyonunua. Kisha panga siku ya kumsindikiza kliniki, akiwa amebeba paketi zote mkobani. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mficha madhara ya dawa hatibiki.